Joistiki za Konsoli za Zamani: Dalili, Chanzo na Matengenezo

Joistiki nyingi za zamani zinazouzwa kwa bei ya "mbovu, chukua kwa vipuri" bado ni nzima kuliko zinavyoonekana. Mara nyingi zina kasoro moja kati ya tatu: viguso vimeshika uchafu au kutu, waya umekatika ndani ya ganda lake bila kuonekana, au joistiki imechomekwa kwenye mashine isiyo yake. Zote tatu hugunduliwa kwa mita ya bei ya chini kabisa, kabla hujanunua kipuri na kabla hujafungua konsoli. Ndiyo maana mwongozo huu unaanzia kwenye plagi. Pale ndipo unapoweza kuipima joistiki peke yake, bila konsoli, bila televisheni na bila kubahatisha.

Vifaa vinavyotosha kazi karibu yote: mita yenye kipimo cha mlio (hulia waya ukiwa umeunganika), bisibisi ya nyota namba 1 na namba 2, bisibisi bapa ndogo, spiriti ya isopropili ya asilimia 90 au zaidi, vijiti vya pamba, kifutio cha penseli, karatasi ngumu, pasi ya risasi ya wati 30 hadi 40 na grisi ya silikoni. Mafuta ya kupuliza ya kulainishia nati yaache kwenye sanduku la baiskeli. Yanaacha utando unaokusanya vumbi juu ya kiguso, na baada ya wiki chache tatizo linarudi.

Kwanza, pima kwenye plagi

Plagi ya tundu 9 ilienezwa na Atari kupitia konsoli yake ya 2600 ya mwaka 1977. Commodore 64, Amiga na Atari ST zikafuata mpangilio uleule kwa sehemu kubwa. Ukiitazama plagi ya joistiki usoni, safu ya matundu matano ikiwa juu, tundu namba 1 liko kulia kabisa na hesabu inakwenda kushoto. Namba 6 inaanza tena kulia kwenye safu ya chini. Kwa mpangilio wa Atari, 1 ni juu, 2 ni chini, 3 ni kushoto, 4 ni kulia, 6 ni kitufe cha kufyatulia, 7 ni volti 5, na 8 ni graundi. Namba 5 na 9 zilitengwa kwa vidhibiti vya kuzungusha.

Joistiki ya aina hii haina chipu ndani. Ukisukuma fimbo juu, waya wa namba 1 unagusana na waya wa namba 8, basi. Kwa hiyo weka mita kwenye kipimo cha mlio, ncha moja kwenye 8 na nyingine kwenye 1. Bila kugusa fimbo, mita ikae kimya. Sukuma juu, ilie mara moja na iendelee kulia muda wote unaoshikilia. Rudia kwa 2, 3, 4 na 6. Kisha badilisha kwenye ohm na urudie tena, kwa sababu mlio peke yake hudanganya. Kiguso cha chuma kwa chuma kilicho safi husoma ohm chache tu, na swichi ndogo (microswitch) nzuri husoma chini ya ohm 1 au karibu nayo. Namba ikirukaruka huku umeshikilia fimbo imetulia, kiguso ni kichafu hata kama mita inalia. Kwenye vitufe vya mpira wenye kaboni, makumi hadi mia kadhaa za ohm ni kawaida. Ikifika elfu kadhaa, tegemea kitufe kukataa mara kwa mara.

Ncha za mita hazifiki vizuri kwenye matundu ya chuma yenye kutu. Tumia pini ya ofisini iliyonyooshwa, usilazimishe ncha nene. Tundu likishapanuka halishiki tena pini ya konsoli, na hapo umeongeza ugonjwa wa pili.

Mwenye Commodore 64 ana kipimo kingine kizuri zaidi, kwa sababu mashine yenyewe inaonyesha namba. Andika:

10 PRINT PEEK(56320)
20 GOTO 10

kisha RUN. Hiyo inasoma soketi ya 2. Ikiwa imetulia, namba ni 127. Juu inatoa 126, chini 125, kushoto 123, kulia 119, kufyatua 111. Mishazari ni jumla ya punguzo, mathalani juu na kulia pamoja ni 118. Kwa soketi ya 1 tumia 56321: imetulia 255, na pande zake ni 254, 253, 251, 247 na 239. Sasa chomoa joistiki kabisa, mashine ikiwa imezimwa, kisha washa, andika programu upya na uangalie tena. Namba ikikataa kurudi 127 bila joistiki, shida iko kwenye kompyuta. Ikirudi, shida iko mkononi mwako.

Kwenye ZX Spectrum yenye kiunganishi cha Kempston, tumia PRINT IN 31 ndani ya mzunguko kama huo. Imetulia inatoa 0; kulia 1, kushoto 2, chini 4, juu 8, kufyatua 16.

Na zima mashine kabla ya kuchomeka au kuchomoa. Soketi za Commodore 64 zinaenda moja kwa moja kwenye chipu ya 6526, na umeme tuli wa kidole kilichosugua zulia unatosha kuiua. Chipu hiyo ni ngumu kupata kuliko joistiki yoyote utakayotengeneza.

Upande mmoja umekufa

Tuchukue Atari CX40, ile nyeusi yenye kitufe chekundu, kwa sababu ndiyo inayopatikana zaidi na karibu kila kasoro ya joistiki za zamani imo ndani yake.

Geuza, toa skrubu 4 za chini, na utenganishe nusu mbili polepole juu ya kitambaa cheupe. Chini ya kitufe chekundu kuna springi ndogo ambayo hupenda kuruka. Ndani utaona bodi ndogo yenye vibati vitano vya duara vilivyobinuka, vimebanwa kwa utepe wa plastiki. Nyaya sita zimechomekwa kwenye vichwa vya bodi bila kulehemiwa. Kwenye waya wa asili, nyeupe ni juu, bluu ni chini, kijani ni kushoto, kahawia ni kulia, rangi ya chungwa ni kitufe, nyeusi ni graundi. Nakala za makampuni mengine hufuata rangi wanazotaka, kwa hiyo piga picha kwanza na uthibitishe kwa mita.

Sasa kuna vipimo vitatu, na vikifuatwa kwa zamu havikuachi njiani.

Weka ncha za mita kwenye vichwa vya bodi, cheusi na kile cha upande uliokufa, kisha bonyeza kibati chake kwa kidole. Mita ikilia hapo lakini isilie kwenye plagi, waya umekatika. Nenda sehemu inayofuata. Mita isipolia hata kwenye bodi, kibati ni kichafu au kimehama. Mita ikilia kwa kidole lakini isilie ukisukuma fimbo, tazama kipande cha plastiki kilichomo ndani ya mpira wa fimbo. Kina pete yenye ndimi nne, kila moja ikikandamiza kibati chake. Ulimi ukivunjika, upande huo unakufa hata kama umeme wote ni mzima. Wengi hubadilisha bodi bure kwa kutoangalia hapa.

Kwa ulimi uliovunjika, usipoteze muda na gundi. Sehemu hiyo inapinda kila unapocheza, na gundi hupasuka ndani ya siku chache. Vipande vipya vya ndani vinatengenezwa na kuuzwa mtandaoni, na kubadilisha ni kuchomoa cha zamani kutoka kwenye mpira na kuingiza kipya, ukihakikisha alama ya juu ya fimbo inaelekea juu. Hifadhi cha zamani kwenye mfuko. Kwa mkusanyaji, joistiki yenye sehemu zake zote za asili, hata zilizovunjika, ina historia kamili.

Kibati kichafu kinasafishika. Inua utepe kuanzia pembeni moja, taratibu. Gundi iliyokauka huachia vibati vikadondoka, ndiyo sababu ya kile kitambaa cheupe. Futa upande wa ndani wa kila kibati kwa spiriti. Pete za shaba kwenye bodi zisugue kwa kifutio cha penseli hadi zing'ae, kisha futa kwa spiriti na uache zikauke dakika 5. Usitumie msasa. Unaondoa tabaka la juu linalozuia kutu, na hasa kwa anayeishi Mombasa, Zanzibar au Dar es Salaam, ambako hewa ina chumvi, shaba tupu itarudi kuwa nyeusi kabla ya mwaka kwisha. Rudisha vibati katikati ya pete zake. Kikikaa pembeni kinaweza kuunganisha njia zote mbili muda wote, na fimbo inakwenda yenyewe. Selotepu ya kawaida inafaa kwa muda, lakini utepe wa poliimidi wa rangi ya kahawia haukauki wala haubabuki.

Joistiki zenye mabapa ya chuma, kama Competition Pro za mwanzo na nyingi za Wico, zinasafishwa kwa karatasi. Lowesha ukanda wa karatasi ngumu kwa spiriti, upitishe kati ya mabapa mawili, yabane kwa kidole na uvute. Rudia hadi karatasi itoke bila mstari mweusi. Bapa lisilofika mwenzake lipinde kidogo kidogo kwa koleo lenye mdomo mwembamba, ukiacha pengo la karibu milimita 1. Lipinde karibu na mzizi. Ukilipinda katikati linapata kona, na litakatikia hapohapo.

Inafanya kazi waya ukishikwa hivi, ukiachiwa inakata

Nyuzi za shaba zimekatika ndani, na mara nyingi ni kwenye sentimita 5 za kwanza kutoka kwenye mwili wa joistiki au kutoka kwenye plagi, mahali waya unapopinda kila siku. Funga ncha za mita (klipu ndogo zinasaidia), mtu ashikilie fimbo upande mbovu, nawe upinde waya sentimita moja moja kutoka mwisho mmoja hadi mwingine. Mlio ukikatika, umefika.

Ikiwa karibu na mwili, kata sentimita 5 hadi 7, menya upya na uunganishe. Joistiki haitahisi upungufu huo. Rudisha kile kishikio cha mpira kinachozuia waya usivutwe, au ufunge kwa kifungio cha plastiki upande wa ndani; bila hivyo risasi ndiyo itakayobeba mvuto wote na itaachia. Ikiwa karibu na plagi iliyofunikwa kwa plastiki, hakuna njia ya kuifungua vizuri. Ikate, nunua plagi mpya ya matundu 9 na ulehemu. Chagua ganda jembamba lisilo na masikio ya skrubu. Yale makubwa ya kompyuta za ofisini hayaingii kwenye soketi za konsoli nyingi, ambazo zimezama ndani ya mwili.

Waya wa kuongeza urefu nao huleta ugonjwa wa kushangaza. Nyingi zilizotengenezwa kwa ajili ya Atari zina nyaya 7 tu ndani, bila ya 5 na 9. Joistiki ya Atari inakwenda vizuri, lakini ya Mega Drive inakosa volti 5 na vitufe vyake. Pima nyaya zote 9 kabla ya kulaumu joistiki.

Inakwenda yenyewe au inafyatua bila kuguswa

Angalia kwanza swichi za kufyatulia mfululizo. Kwenye NES Advantage ya Nintendo, mchezo unaosimama na kuendelea, kusimama na kuendelea, ni ile swichi ya kupunguza kasi iliyowashwa: inabonyeza START kwa kurudia. Vivyo hivyo vitufe vya A na B vina mfululizo wake. Joistiki hiyo pia ina plagi mbili na swichi ya mchezaji wa 1 au wa 2. Ikiwa kimya kabisa, angalia swichi hiyo kabla ya kushika bisibisi.

Ikiwa si hivyo, pima kwenye plagi. Mlio usiokoma kati ya 8 na upande mmoja ni shoti: kibati kimehama, tone la risasi limeunganisha njia mbili, au bapa limepinda. Kwenye joistiki uliyojenga au kufufua kwa swichi ndogo, kuna sababu nyingine. Swichi ndogo ina vichwa vitatu: cha pamoja (COM), kinachofunga ukibonyeza (NO) na kinachofungua ukibonyeza (NC). Ukiweka waya kwenye kile ambacho huwa kimefungwa swichi ikiwa haijaguswa, konsoli inaona umebonyeza muda wote na inaona umeachia pale unapobonyeza. Hamisha waya kichwa kimoja, umemaliza.

Herufi zinajiandika zenyewe kwenye skrini ya Commodore 64 unaposukuma fimbo? Umechomeka soketi ya 1, ambayo inashiriki njia zake na kibodi. Joistiki ni nzima. Michezo mingi inataka soketi ya 2.

Plagi inaingia lakini mashine inafanya vituko

Hapa ndipo watu wanapounguza vitu, na inauma kwa sababu ilizuilika. Plagi ya matundu 9 ni sura tu. Kinachopita ndani yake kinatofautiana. Atari, Commodore na Amiga zinapeleka volti 5 kwenye namba 7. Mega Drive na Master System zinapeleka kwenye 5. MSX inapeleka kwenye 5 pia, lakini graundi yake iko kwenye 9 na namba 7 ni kitufe cha pili. Amstrad CPC inasoma kitufe cha kwanza kwenye 7. Spectrum +2 na +3 zina soketi ya sura hiyohiyo yenye mpangilio wake kabisa, na zinahitaji adapta.

Joistiki ya Atari isiyo na chipu wala mfululizo ukiichomeka kwenye Mega Drive, itaendesha baadhi ya michezo, ila kitufe kimoja kitasomeka kama A na B kwa pamoja, kwa sababu joistiki haijui kuwa konsoli inaulizia vitufe kwa zamu mbili. Kinyume chake ni hatari. Pedi au joistiki ya Mega Drive kwenye Commodore 64 bila adapta inapeleka chipu yake kusukumana na chipu ya kompyuta. Kibodi inaanza kukataa herufi, na ukizoea hivyo unaweza kuua 6526.

Joistiki zenye mfululizo wa kufyatua huchukua umeme kutoka namba 7. Kwenye Mega Drive namba 7 ndiyo waya wa kuulizia zamu, si chanzo cha umeme. Zima mfululizo huo, au bora usiichomeke.

Kisha kuna zile mashine za kuiga Famicom, "TV game" ambazo wengi Afrika Mashariki walianza nazo. Nyingi zina soketi ya pini 9, lakini zinaongea lugha ya Famicom. Kwenye baadhi yake, kubonyeza kitufe cha joistiki ya Atari kunaweza kuunganisha volti 5 na graundi moja kwa moja. Usijaribu "kuona tu kama inaingia". Fungua pedi iliyokuja na mashine hiyo, fuata nyaya tano kwenye bodi yake, na uandike namba zake kwenye karatasi utakayoibandika chini ya mashine.

Mega Drive: A na START hazifanyi kazi, na C inasimamisha mchezo

Hii ina chanzo kimoja, karibu kila mara. Mega Drive ina waya mbili tu za vitufe, 6 na 9. Waya wa 7 ukiwa juu, konsoli inasoma B na C. Ukishuka, inasoma A na START kupitia waya hizohizo. Chipu ya kubadilisha zamu ndani ya joistiki ya vitufe vitatu ni ya aina ya 74HC157. Waya wa 7 ukikatika, chipu mara nyingi inabaki kwenye zamu ya kwanza: A na START zinakufa, na kila ukibonyeza C konsoli inaipokea mara ya pili kama START, mchezo unasimama. Pima waya wa 7 kutoka plagi hadi bodi. Ukiwa mzima, ndipo ushuku chipu.

Joistiki ya vitufe sita ikivuruga mchezo wa zamani, shikilia MODE wakati unawasha konsoli. Itajifanya ya vitufe vitatu.

Famicom na NES: kila kitu kimekufa kwa pamoja, au kitufe kimoja tu

Joistiki hizi zina chipu ya 4021 inayotuma vitufe nane kwa foleni kupitia waya mmoja: A, B, SELECT, START, juu, chini, kushoto, kulia. Kwa hiyo kitufe kimoja kikifa, shida ni kiguso chake au mguu wake kwenye chipu. Vyote vikifa kwa pamoja, shida ni mojawapo ya nyaya tano: volti 5, graundi, saa (clock), kufungia (latch) au data. Pima hizo tano kabla ya kugusa viguso. SNES inafuata kanuni hiyohiyo kwa chipu mbili.

Mshazari haushiki, au unashika usipotaka

Joistiki za mtindo wa ukumbi wa gemu, kama Sanwa JLF-TP-8YT inayotumiwa sana kufufulia joistiki za zamani, zina bamba chini linaloamua fimbo iishie wapi. La mraba linapeleka fimbo kwenye kona, na kona ndiyo mishazari. Ukiwa umezoea duara utaona "haishiki" wakati unaisimamisha kabla ya kufika konani. Bamba la pembe nane, Sanwa GT-Y, linatoa kituo kwa kila upande wa nane. Kabla ya kununua, jaribu wiki moja na lile la mraba. Mkono huzoea, na mikono ya wengi hurudi kwenye mraba.

Michezo ya pande nne, kama Pac-Man na Donkey Kong, ina shida ya kinyume: fimbo inateleza kwenye mshazari na mhusika anasita kwenye kona. Bamba la mraba la JLF linaweza kuchomolewa na kugeuzwa nyuzi 45, likazuia mishazari.

Mshazari mmoja tu ukikataa huku pande zote nne zikifanya kazi peke yake, usilaumu bamba. Swichi moja inachelewa kugusa: imelegea kwenye kishikio chake au kishikio kimechakaa upande mmoja.

Pande zimegeuka

Juu imekuwa chini na kushoto imekuwa kulia: fimbo imefungwa ikiwa imegeuzwa nyuzi 180. Juu imekuwa kushoto: imegeuzwa 90. Ikiwa juu na chini tu zimebadilishana, nyaya mbili zimechanganywa. Wajenzi wapya hufanya kosa hili kwa sababu nzuri: fimbo inazunguka kwenye mhimili wake, kwa hiyo ukisukuma mpira wa juu mbele, ncha ya chini inarudi nyuma na kugonga swichi ya nyuma. Waya wa "juu" unaenda kwenye swichi iliyo karibu na tumbo lako. Kwenye JLF waya mweusi wa tano ni graundi. Rangi nyingine zitegemee namna ulivyoifunga, zipime.

Fimbo imelegea, inalia, au hairudi katikati

Mpira wa juu unazunguka bila kukaza: shikilia mhimili kwa bisibisi bapa kwenye ufa wake wa chini, kaza mpira kwa mkono. Uzi wa Sanwa ni M6.

Hairudi katikati au inarudi kwa uvivu: mhimili umekauka grisi au springi imechoka. Kwenye JLF toa bamba, inua bodi ya swichi, kandamiza kipande cha plastiki kilicho chini na uchomoe ile pete ndogo ya chuma kwa bisibisi bapa. Kifunike kwa kiganja, springi imebanwa. Futa grisi ya zamani yote, paka mpya ya silikoni kiasi cha punje ya mtama kwenye kiungo, usipake kwenye swichi. Mafuta ya petroli na vaselini yaepuke, kwani hulainisha na kupasua baadhi ya plastiki.

Vitufe

Kitufe kinachobonyezeka mara mbili kwa bonyezo moja kina swichi iliyochakaa au chafu. Pima ohm, badilisha. Kinachokufa na kufufuka ukitikisa mwili kina kichwa cha waya kilicholegea. Kichomoe, kibane kidogo kwa koleo, kirudishe. Vitufe vya Kijapani vya milimita 30 kwa kawaida hutumia vichwa vya milimita 2.8, na swichi ndogo za Kimarekani milimita 4.8, kikubwa kwenye kidogo kitaonekana kimeingia, kisha kitatoka usiku wa mashindano.

Kitufe kinachoruka nje ya paneli ni cha kubana kwa ndimi kwenye ubao mnene. Ubao wa mbao unahitaji cha kukaza kwa nati. Tundu la kitufe cha Kijapani ni milimita 30, la Kimarekani ni kama 28.6, na ukitoboa kwanza bila kupima hakuna kurudi nyuma.

"Inachelewa"

Joistiki ya Atari au Neo Geo isiyo na chipu haina pa kuchelewa: ni waya na swichi. Ucheleweshaji uko kwenye televisheni bapa, kwenye kibadilishi cha picha, au kwenye adapta ya USB uliyoweka katikati. Washa hali ya gemu kwenye televisheni, kisha jaribu televisheni ya zamani yenye mgongo mkubwa (CRT) kama ipo. Picha moja ya PAL (mfumo wa televisheni wa picha 50 kwa sekunde) ni milisekunde 20, na televisheni inayochelewesha picha mbili au tatu mkono unaihisi. Ikiwa kwenye televisheni ya zamani kila kitu ni laini, usiguse joistiki.

Kununua na kuhifadhi

Muuzaji akikubali, nenda na mita mfukoni na pini mbili. Vipimo vitano vya plagi vinachukua dakika mbili. Tikisa mwili: kipande kinachocheza ndani kwenye CX40 huwa ni ulimi uliovunjika. Nusa sehemu ya betri kama ipo. Skrubu zilizoliwa vichwa zinaonyesha kuna fundi aliyepita, kwa hiyo tegemea nyaya zilizohamishwa.

Usizungushe waya kwenye mwili wa joistiki. Ganda la waya la PVC linatoa kilainishi chake taratibu, na kilainishi hicho kinayeyusha plastiki iliyo chini yake. Baada ya miaka utakuta mifereji isiyofutika kwenye sanduku la Competition Pro lililokuwa safi. Kunja waya kwa mduara mpana wa sentimita 10 au zaidi, uweke kwenye mfuko wake wa karatasi pembeni ya joistiki. Pwani, weka vyote kwenye boksi la plastiki linalofunga vizuri pamoja na pakiti za kunyonya unyevu, na uzibadilishe au uzikaushe kila masika yanapokwisha.